Mgawo wa Kurwa na Doto

Palikuwa na tajiri mmoja wa samli na ngozi, Mbaruku bin Shehe, mtu mwenye tumbo lililotangulia kufika kila alikokwenda. Tajiri huyu alimwacha mkewe Zuwena, akamrudisha kwa mama yake pamoja na pacha wao: Kurwa, binti, aliyetangulia kuzaliwa, na Doto, mvulana, aliyemfuata. Walikuwa ndio kwanza wameachishwa ziwa. Kosa la Zuwena lilikuwa mdomo. Tajiri akisema lake, Zuwena naye ana lake. Hayo aliyasema tajiri. Watu wa mji, nanyi mnawajua watu wa mji, walisema kosa la Zuwena ni kwamba Liwali ana binti, na binti amekua.

Zuwena hakukaa kulia. Alisaga dengu, akakaanga bajia kibarazani kwa mama yake, watoto wakala, wakashiba. Siku si nyingi akaja mjumbe wa Kadhi. Bwana Mbaruku anamtaka mtoto. Mtoto, si watoto. Anamtaka Doto peke yake.

Hapo ndipo upawa ulipomponyoka Zuwena. Alimjua Kadhi Burhani. Hakuwa mtu mbaya, maskini, ila paa la nyumba yake lilikuwa limeezekwa kwa hisani ya Mbaruku, na mji ule ulikuwa na mvua nyingi.

Asubuhi akajifunga watoto kwa kanga, Kurwa mgongoni, Doto kifuani, akaenda. Baraza la Kadhi lilijaa mpaka nje.

"Bwana Mbaruku, sema haja yako," Kadhi akaanza.

"Haja yangu nyepesi, Sheikh. Mtoto wa kiume ni wa baba, wa kike ni wa mama. Namchukua Doto wangu. Kurwa abaki, na mama yake amlishe. Kila mtu na wake."

"Na viatu, Bwana Mbaruku," akauliza Zuwena, "huwa unanunua kimoja kimoja?"

Watu wakacheka. Kadhi akakohoa. "Zuwena, ngoja zamu yako."

"Nimengoja, Sheikh, na ninalo swali la sheria. Watoto wadogo kama hawa, wazazi wakiachana, malezi ni ya nani?"

Kadhi akatazama juu, kana kwamba paa linamsikiliza. "Ya mama. Mpaka mtoto apate akili ya kupambanua, maadamu mama hajaolewa na mwingine."

"Na chakula chao na nguo zao?"

"Juu ya baba." Sauti ya Kadhi ilikuwa imeshuka.

"Wa kiume tu?"

"Wa kiume na wa kike."

Tajiri akaona kamba inamkaza. Akacheka kidogo, kicheko cha pembeni. "Juu ya baba, sikatai. Doto ni wangu, mtazameni pua. Lakini huyo binti, mimi sijui katokea wapi."

Neno lile likivuka kizingiti lingemfuata Kurwa mpaka siku ya kuposwa. Zuwena alitamani kumrukia mtu yule na kucha zake zote. Badala yake alimpandisha mtoto vizuri mgongoni.

"Rudia, Bwana Mbaruku. Walio nje hawakusikia."

"Nimesema Doto ni wangu. Kurwa si wangu."

"Haya. Walikaa tumbo la nani?"

"Lako."

"Wote wawili, wakati mmoja?"

"Si pacha hao?"

"Na nani alitangulia kutoka?"

"Kurwa. Mji mzima unajua."

"Aliyetangulia kutoka ndiye aliyekuwa mlangoni," akasema Zuwena. "Sasa wewe, bwana, uliyekuta mlango una mtu, huyu Doto wako ulimpitishia dirisha gani?"

Mzee mmoja alianguka kutoka kwenye benchi. Kadhi alijifunika uso kwa ncha ya kilemba, mabega yakawa yanatikisika peke yake.

Tajiri alikuwa mwekundu kama ngozi iliyotiwa rangi. "Basi mchukue na Doto. Wote si wangu."

"Ahsante. Sheikh umesikia, na mimi sina neno. Ila Bwana Mbaruku alioa wake watatu kabla yangu, na hakuna aliyepata hata kichefuchefu. Pacha walipozaliwa akachinja ng'ombe, akaleta ngoma mtaa mzima, midomo ya watu ikafungika. Leo anaifungua kwa mkono wake mwenyewe. Na Liwali si kiziwi, naye ana binti wa kuozesha."

Jasho likamtoka tajiri, samli ikayeyuka.

"Wangu," akasema.

"Nani?" Kadhi akauliza.

"Doto."

"Na nani mwingine?"

"Na Kurwa. Wote wangu."

Kadhi naye, kuona mwenye paa mwenyewe amekiri, akapata kifua. Akahukumu: watoto wakae kwa mama yao, chakula, nguo na nyumba ya kuwalelea ni juu ya baba, baba ana haki ya kuja kuwaona, na akija asije mikono mitupu.

Tajiri akainuka, akaliweka sawa joho lake, akaelekea mlangoni. Lakini mtu aliyezoea kusema mwisho haondoki bila kusema mwisho. Akageuka.

"Umeshinda, Zuwena. Lakini mwanamke aliyeachwa ni nazi iliyokwisha kukunwa. Nani atakutaka?"

Zuwena alikuwa anakaza fundo la kanga kifuani.

"Nazi iliyokunwa ndiyo inayotoa tui, Bwana Mbaruku. Anayebaki na kifuu mkononi ni mkunaji."