Mguu wa Mkaguzi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na masoko, leseni na faini kama tulivyo nazo sisi, Sange na Ngiri walikuwa na kibanda cha uji na maandazi. Sange, wadogo zangu, ni mnyama anayeenea kiganjani, pua yake ndefu kama mrija, na mbio zake ni pururu, ukipepesa macho umeshampoteza. Ngiri alikanda unga. Sange alihudumia wateja.

Mkaguzi wa soko alikuwa Fisi. Kila siku ya gulio alipita akitafuta makosa, na faini ya kosa moja ilikuwa sinia zima la maandazi. Ukifikisha faini saba, jiko lako lote linachukuliwa, sufuria, vikaango, mpaka mwiko.

Sange na Ngiri walikuwa wamefikisha sita.

"Tufunge tu, mdogo wangu," alisema Ngiri, akajibwaga chini, puu. "Turudi kuchimba mizizi."

"Kabla hatujafunga, nikumbushe. Faini ya kwanza ilikuwa ya nini?"

"Nani anakumbuka faini? Faini unalipa, unasonya, unasahau."

"Ndiyo maana zinarudi," alisema Sange.

Akachukua kipande cha mkaa, akachora ukutani. Walikumbushana mpaka chai ikapoa, kila faini na alama yake. Kisha Sange akarudi nyuma hatua mbili, akatazama, pua ikimchezacheza.

"Dada, tatu kati ya hizi ni za mtungi wa maji kuachwa wazi."

Ngiri akaangalia pembeni. "Mimi hunywa humo. Halafu kifuniko nakisahau."

"Basi hizo si za Fisi. Ni zetu."

Siku hiyohiyo akamtengea Ngiri kibuyu chake cha kunywea, na mtungi ukafunikwa.

Zilibaki faini tatu za meza. Sheria ilitaka meza ya chakula iwe na kimo cha mguu wa mkaguzi, isizidi wala isipungue. Mara ya kwanza Fisi alisema ni fupi, wakaiunga. Mara ya pili akasema ni ndefu, wakaikata. Mara ya tatu akasema ni fupi tena, wakaiunga upya, mpaka ikawa na viraka kama suruali ya mchimba kisima.

"Meza haikui kama mahindi," aliwaza Sange. "Kuna kitu kingine kinachobadilika."

Gulio lililofuata, Fisi alipoanza ukaguzi, Sange alijipenyeza chini ya meza ya jirani yao Kobe, muuza mboga. Akamwona Fisi akisimama wima, akipima kwa mguu wa mbele. "Fupi. Lipa." Akamfuata kibanda cha pili. Huko Fisi aligeuza mgongo kama anayetazama barabara, akapima kwa mguu wa nyuma. "Ndefu. Lipa."

Kumbe. Sange akatimka, pururu, akawahi kibandani kwake.

Fisi akafika, mate yakimdondoka, akivuta mkokoteni.

"Shikamoo, Bwana Mkaguzi."

"Marahaba, kidudu. Leo nimekuja na usafiri wa sufuria zenu."

"Karibu. Ila kuna maneno sokoni, hata naona haya kuyasema."

"Sema."

"Wanasema eti miguu yako ya nyuma ni mifupi. Eti unatembea kama unapanda mlima hata kwenye tambarare."

Wateja wakaacha kunywa uji. Manyoya ya Fisi yakasimama.

"Miguu yangu yote minne ni sawa. Nani huyo anayesema?"

"Mimi niliwakatalia. Nikawauliza, mwenye miguu isiyo sawa atapimaje meza za watu?"

"Umejibu vizuri."

"Basi kwa kuwa yote ni sawa, mmoja unatosha: tukate fimbo kwa mguu wako wa mbele, uigonge muhuri, wafunge midomo."

Fisi akaunyoosha mguu kwa maringo. Kwachu, fimbo ikakatwa. Akaigonga muhuri, gwa, watu wote wakiona.

Lakini tamaa ya Fisi mnaijua. Harufu ya maandazi ilimpanda kichwani. Akageuza mgongo, akaupeleka mguu wa nyuma mezani.

"Ndefu. Faini ya saba. Leteni sufuria."

Ngiri akapiga magoti, machozi yakimtoka. Sange akaisimamisha fimbo kando ya meza. Zikalingana, unywele usingepita.

"Bwana Mkaguzi, fimbo yenye muhuri wako inasema meza ni sawa. Kwa hiyo ama meza haina kosa, ama mguu wako wa nyuma ni mfupi. Niwaambie watu lipi?"

Huko nyuma mtu akaanza kucheka, kwi kwi kwi. Fisi akautupia jicho mtungi. Umefunikwa. Akautazama mkokoteni wake mtupu.

"Meza haina kosa," alisema, kama aliyekwamwa na mfupa.

"Na fimbo?" aliuliza Kobe. "Itakaa hapa?"

"Ikae."

Kabla jua halijatua, kila mwenye kibanda alikuwa amekuja kukata fimbo yake kwa kipimo kile, na Ngiri alikuwa akikanda unga wa kesho huku akiimba vibaya.

Asiyehesabu makosa yake, wadogo zangu, huhesabiwa na wengine.