Kitambaa cha Mazigo

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama mna njaa? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo kale palikuwa na kisiwa katikati ya ziwa, mawe matupu na msitu mnene. Mfalme alikuwa amekataza mnyama wa huko asiwindwe wala mti usikatwe. Kutembea na kutazama, ruksa. Ila kila aingiaye afunge kitambaa kwenye kamba ya langoni, na akitoka akifungue. Jua likishuka na kitambaa kimebaki, mlinzi humfuata mwenye kitambaa humo humo msituni.

Mlinzi alikuwa Mama Nyabise. Mguu wake mmoja ulikuwa mbovu.

Siku moja akaja kijana Mazigo, mdomo mrefu kuliko kasia. Alikuwa amewaapia wenzake kwamba atakizunguka kisiwa peke yake.

"Funga kitambaa, mwanangu," akasema Mama Nyabise.

"Mimi? Kama mtoto? Na kwa mguu huo, Mama, utanifikia mwaka gani?"

Akacheka, akapita.

Basi akapanda jabali la kwanza, akajisifu. Akapanda la pili, akajisifu. Akapanda la tatu, jua linashuka, lo! Jabali likafumbua macho. Kumbe ni zimwi!

Likamkamata kiunoni.

"Mimi simli mtu mwenye wa kumtafuta," likanguruma. "Sema, nani atakuja kukutafuta?"

"Wenzangu!"

Zimwi likaweka sikio kifuani pake. "Hapana. Uliwakataza wasikufuate. Nani atakuja kukutafuta?"

"Mama yangu mzazi!"

"Hapana. Hukumuaga. Nani atakuja kukutafuta?"

Hapo Mazigo akakumbuka lango, akakumbuka kicheko chake. Aibu ikamshika kuliko hofu. Akainamisha kichwa.

Zimwi likapanua kinywa.

"Mimi hapa!"

Alikuwa Mama Nyabise, anatambaa juu ya mawe, magoti yanavuja damu. "Huyo ni wangu! Kitambaa chake kiko langoni!"

Zimwi likanuna, likamwachia, likafumba macho, likawa jabali tena.

Wakarudi pole pole, Mazigo akimshika mkono. Alitamani mama yule amgombeze, amtukane hata. Wapi! Alimwonyesha tu mawe yanayoteleza.

Langoni wenzake walikuwa wanangoja. "Mwamba huyo! Kakizunguka peke yake!"

Mama Nyabise akakaa chini, anafuta magoti.

Mazigo angeweza kunyamaza, watoto wangu. "Sikuzunguka kitu," akasema. "Nilimcheka mama huyu, naye kanitoa kinywani mwa zimwi."

Wenzake wakatazama chini.

Kambani palining'inia kipande kimoja, kimechanwa kwenye khanga ya Mama Nyabise mwenyewe. Alikuwa amemfungia pale pale, kicheko cha Mazigo hakijaisha.

"Mama, kiache," Mazigo akalia. "Sistahili kukigusa."

"Kifungue, mwanangu. Kikibaki, itanibidi nirudi kukutafuta."

Akakifungua, machozi yanamtoka, hawezi kumtazama usoni.

Basi hadithi yangu imefika langoni, nami naifungua kamba. Mwendako, semeni. Na anayewaangalia msimcheke, maana ndiye atakayewafuata.