Siku Fisi Alipokataa Nyama

Hapo kale, wanyama walipokuwa wakipenda mikutano kuliko malisho, jua liliwaka misimu mitatu mfululizo katika bonde la Kitundwi. Mvua iliporudi, wakakata shauri kwamba maji yasipite tena hivi hivi. Wakabeba udongo, wakaushindilia kwa kwato, wakajenga tuta kukatiza kijito. Wakapata bwawa dogo, la kunywa kidogo na kuchezea sana. Nyani walijirusha majini kutoka matawini, pundamilia wakashindana kuogelea, na Kiboko akajipa kazi ya kuokoa wanaozama, ingawa wengi walizama kwa sababu yake.

Mfalme Simba hakubeba hata kikapu kimoja cha udongo. Alitokea siku ya mwisho, akaliita Bwawa la Burudani la Mtukufu Simba, akapigiwa makofi.

Akatafutwa msimamizi wa tuta. Kazi yenyewe ilikuwa kung'oa miche inayoota juu yake kabla mizizi haijapenya, kuziba mashimo ya fuko, na kuuacha wazi mfereji wa pembeni, ule wa kupunguzia maji yakijaa. Ujira ulikuwa paja moja la nyama kila juma. Paja la nani, hakuna aliyeuliza. Fisi aliposikia habari ya paja hakungoja kusikia habari ya kazi.

Mapaja akayala yote. Miche ikawa miti. Mafuko wakachimba mpaka wakaalika na ndugu zao. Kisha Fisi akagundua kwamba maji yakijaa, kambare hutorokea kwenye ule mfereji. Akauziba kwa miiba na mawe ili kambare wabaki wake. Maji yakapanda mpaka yakabakiza shibiri moja kufika juu ya tuta.

"Tazameni bwawa lilivyonenepa mikononi mwangu!" akajisifu.

Chini ya tuta, upande wa pili usio na maji, aliishi Mama Kanga, akiatamia mayai kumi na mawili. Asubuhi moja akahisi ubavu umelowa. Akamfuata Fisi.

"Baba, tuta linavuja."

"Halivuji, mama. Linatoka jasho. Kwani wewe ukifanya kazi hutoki jasho?"

Mama Kanga akaenda kwa Simba. Simba akavimba manyoya ya shingo.

"Bwawa lenye jina langu, livuje? Haya, keshokutwa nakuja kulikagua, na mjue sina mzaha!"

Fisi aliposikia ukaguzi, kwa mara ya kwanza akashika kazi. Akaikandika udongo ile sehemu yenye unyevu, akaipaka chokaa ikang'aa. Akapanga mawe meupe njiani. Akachomeka maua yasiyo na mizizi kila pembe.

Sungura alipopita alimkuta Mama Kanga analia. Akayakinga kiganjani maji yaliyokuwa yakichuruzika chini ya chokaa.

"Jana yalikuwaje?"

"Maangavu."

"Leo yana tope. Yanatoka na udongo wa ndani, mama. Tuta linaliwa. Hama."

"Nihame vipi? Mayai yamebakiza siku mbili tatu. Nikiyaacha yapoe, nimeyaua mwenyewe."

Sungura akajikuna sikio, akifikiri. Simba hatamsikiliza kanga, wala sungura. Labda angemsikiliza Fisi.

Siku ya ukaguzi ikafika. Simba akaketi jukwaani, mbali na matope. Akasifu mawe meupe, akasifu maua. Tuta lenyewe hakuliuliza. Alipotaka kuondoka, Sungura akainama.

"Mtukufu, wananchi wamemwandalia msimamizi wetu zawadi. Sinia la mbavu za kuchoma. Nimeliweka mahali pa heshima, pale chini ya chokaa, karibu na kazi ya mikono yake."

Fisi akameza mate. Akapiga hatua tatu, akasimama, akalitazama tuta.

"Lileteni huku."

"Ni zito, bwana. Na heshima haihamishwi."

"Basi..." Fisi akarudi nyuma hatua tatu. "Basi, nimeshiba."

Nyani mmoja alianguka kutoka mtini. Simba akashuka jukwaani taratibu.

"Umesemaje?"

"Nimefunga, Mtukufu."

"Wewe? Nilikukuta msibani ukitafuna ngozi ya ngoma, na ngoma bado inapigwa! Nenda ukale."

Fisi akajitupa miguuni pa Simba. "Mtukufu, nihurumie! Mfereji nimeuziba mimi. Tuta limeoza, litapasuka!"

Hapo tu ndipo Simba alipoliona tuta. Akanguruma, na Tembo akakimbilia mfereji, akang'oa miiba na mawe. Maji yakapita pembeni kwa kishindo. Lakini pande la chokaa lilikuwa limeshabomoka na kulifukia sinia, na maji yakatoka pale kwa nguvu. Kiboko akajitupa, akaliziba tundu kwa mgongo wake. Siku hiyo aliokoa kweli. Mama Kanga hakuondoka. Maji yalimfika kifuani naye ametandaza mabawa, akiomboleza. Yai moja lilisombwa. Kumi na moja yalibaki.

Bwawa lilipopungua, Simba alitangaza kwamba alikuwa akishuku tangu mwanzo. Wakapiga makofi, wangefanyaje? Kisha akahukumu: Fisi abaki na kazi yake na paja lake, ila ahamie chini ya tuta, pale pale alipokuwa Mama Kanga, na asiondoke.

Hakuna tuta lililowahi kutunzwa kama lile. Fisi huamka kabla ya jua, hung'oa mche ungali na majani mawili, huziba shimo fuko akiwa bado anachimba. Paja likiletwa, hulizunguka tuta zima kwanza, akilipapasa, huku nzi wakitangulia kula.

Mama Kanga, ambaye sasa anakaa mlimani, hushuka na vifaranga wake kumi na mmoja kumsalimu.

"Je, baba, linavuja?"

"Halivuji, mama," hujibu Fisi bila kugeuka. "Na jasho pia halitoki."