Bi Sungura na Mwindaji Asiyesikia

Haya, mliokaa, mmekaa?

— Tumekaa!

Niseme au ninyamaze?

— Sema!

Nikisema mtanikatiza?

— Hatukukatizi!

Mwongo mmoja namwona pale nyuma, lakini tuendelee.

Zamani, zamani sana, wanyama na watu walipokuwa wakisemezana, alikuwepo Bi Sungura. Alikaa kwenye nyasi ndefu kando ya mashamba ya mtama, yeye na wanawe watatu. Akaja Chui, akamla mmoja. Akaja tena, akamla wa pili. Akabaki mmoja tu. Bi Sungura hakuwa na usingizi wala hamu ya kula.

Kule kijijini nako Chui alikuwa akila mbuzi. Alikula wa huyu, akala wa yule, mpaka kina mama wakawazuia watoto wasiende kisimani. Kijiji kilikuwa na mwindaji mmoja, jina lake Mihambo, mwenye mkuki mzuri na maneno mengi. Kila siku alimfuata Chui porini. Kila siku alirudi mikono mitupu.

Siku moja Bi Sungura akamngoja njiani.

"Shikamoo, bibi," akasema Mihambo.

"Marahaba. Mihambo, utachoka bure. Chui hafuatwi. Chui huitwa, akaja mwenyewe."

"Anaitwa kwa jina gani?"

"Kwa kilio cha sungura, wewe! Akisikia sungura analia, hujua chakula kipo. Nitakufundisha kulia. Lakini kuanzia leo usile sungura."

"Sili tena."

"Usile kabisa."

"Hata mchuzi wake?"

Bi Sungura akafumba macho. "Hata mchuzi, Mihambo!"

Wakaanza. Bi Sungura akachuma jani bichi la mtama, akamwonyesha namna ya kulibana katikati ya vidole gumba na kulipuliza. Mihambo akapuliza. Mbuuu! Ng'ombe malishoni akamwitikia. Akapuliza tena. Prrrr! Mate yote yakamwishia Bi Sungura usoni.

"Mihambo, Mihambo," akasema Bi Sungura akijifuta, "utaniua kabla Chui hajaniua!"

Mihambo akaenda kujifunza nyumbani. Alipuliza asubuhi, akapuliza mchana, mpaka kuku wakakimbilia kwa jirani. Mkewe, Nyamizi, akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Baba Sumbuka, kuku wangu wameacha kutaga. Nenda kalipulizie huko huko porini, au nitakulisha hilo jani!"

Siku ya saba sauti ikapatikana. Bi Sungura akamwambia, "Sasa twende. Ukae mahali ambapo upepo unakupiga usoni. Usoni, umesikia?"

"Nimesikia, bibi."

Wakaenda. Mihambo akaona jiwe zuri lenye kivuli, akakaa. Upepo ukawa unampiga mgongoni. Akalia mara moja, akangoja. Kimya. Akalia tena, akangoja. Kimya. Waliporudi kijijini wakakuta mbuzi mwingine amechukuliwa, na Chui yupo juu ya mwamba anajilamba.

"Mihambo," akaita Chui, "upepo umeniletea harufu ya ugoro wako. Nikajua hupo nyumbani. Ahsante sana!" Akaruka, akaenda zake.

"Mimi nilisema nini?" akauliza Bi Sungura.

"Usoni."

"Na wewe ukakaa wapi?"

"Kivulini."

"Mihambo, Mihambo, utaniua kabla Chui hajaniua!"

Wakaenda mara ya pili. Safari hii upepo ulikuwa usoni. Bi Sungura akamwambia, "Ukilia kidogo, unyamaze. Unyamaze muda mrefu. Mpe nafasi ya kuja."

"Nimesikia, bibi."

Mihambo akalia. Akalia tena. Akaona raha, akalia tena na tena, akazungusha sauti, akaitingisha, bega nalo likacheza. Nyasi zikatikisika. Mihambo akashika mkuki. Akatokea Fisi, akakaa chini, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Nimekuja kumwangalia huyu sungura," akasema Fisi. "Analia tangu alfajiri na bado hajafa! Na anajua ngoma!"

Akaondoka akicheka, akamsimulia kila aliyekutana naye.

Hata lile neno lake la kila siku Bi Sungura hakulisema. Aligeuka, akaanza kwenda zake. Moyoni alisema, heri nimchukue mwanangu nihame, nimwache huyu na mkuki wake. Mihambo akamkimbilia.

"Bibi, nimekosa nini tena? Sauti si nzuri?"

Hapo Bi Sungura akaruka kama aliyekanyaga moto.

"Nzuri! Nani alikuomba nzuri? Mimi nakufundisha kilio, wewe unanipigia filimbi! Unajua kinavyolia kitoto kikishikwa? Hakizungushi sauti. Hakitingishi bega. Kinalia hivi!"

Akafungua kinywa, akalia.

Kilitoka kilio chembamba, kifupi, kikakatika katikati. Kikatoka tena, kidogo zaidi. Halafu hakikutoka. Bi Sungura akabaki kinywa wazi. Alikuwa amelia kama alivyolia mwanawe wa pili, siku ile yeye mama aliposimama hatua kumi tu kutoka kwake na hakuweza kufanya lolote.

Mihambo akaliweka jani chini. Akachuchumaa. Akasema taratibu, "Bibi, nisamehe. Siku zote hizi nilikuwa sisikilizi."

"Sasa umesikia?"

"Nimesikia."

Wakaenda mara ya tatu, alasiri. Mihambo akakaa upepo ukimpiga usoni. Akalia kidogo, kilio chembamba, kikakatika. Akanyamaza. Inzi akatua puani, hakumfukuza. Mguu ukafa ganzi, hakuunyoosha. Akalia tena, kidogo zaidi. Akanyamaza.

Bi Sungura alikuwa ndani ya nyasi nyuma yake. Kilio kile kilimchoma hata akataka kutoka mbio kwenda kumwokoa anayelia, akajizuia kwa kung'ata mguu wake mwenyewe.

Nyasi zikafunguka. Chui akatoka polepole, tumbo chini, macho kwenye kilio. Mihambo akangoja. Akangoja tena. Chui alipojikunja aruke, mkuki ukatoka, ukampata kifuani. Huo ukawa mwisho wa Chui.

Kijiji kizima kikatoka. Ngoma ikapigwa. Vijana wakasema, "Mihambo, hebu lia tukusikie! Tulilie kama sungura, tucheke!"

Bi Sungura alikuwa pembeni na mwanawe. Akakunja uso, akajiandaa kugomba, maana alimjua mtu wake.

"Hapana," akasema Mihambo. "Kile ni kilio cha mtoto wa mtu. Si cha kuchezea ngoma."

Bi Sungura akakosa la kugomba. Akamshika mwanawe, akaingia nyasini akinung'unika kwamba hata hivyo mkuki ule aliushika vibaya.

Nanyi mnaonisikiliza, jueni hili: anayetaka kujifunza kwa mwenzake aanze kwa kumsikiliza. Na ukipewa kilichotoka kwenye uchungu wa mtu, usikifanyie mchezo.

Nimetua mzigo wangu. Penye utamu ondokeni napo, penye uchungu niachieni mimi.

— Tumepokea!