Taarifa ya Majeruhi

Bisha ukitaka. Shule niliiacha darasa la sita, na wasomi wananibishia kila siku bila kunishinda. Mtu mmoja alikuwa na jeraha, akalikana mwenyewe mara tatu.

Koplo Nsajigwa alitumikia kikosi cha mizinga miaka kumi na tisa. Milio iliua sikio lake la kushoto. Makombora aliyoyabeba yakauharibu mgongo. Alipostaafu akaambiwa aende mbele ya bodi ya madaktari. Ikiridhika kwamba aliumia kazini, atatibiwa na kulipwa maisha yake yote. Isiporidhika, hapati hata kidonge.

Kazi rahisi, sivyo? Subiri. Alipomwona mwenyekiti ana nyota mabegani, miguu ilijipanga yenyewe: mguu sawa, kifua mbele.

"Hali yako, Koplo?"

"Mzima, afande."

Wakaandika: mzima. Mwaka wa pili vilevile, na wa tatu. Usimcheke. Jeshini anayemlilia mkubwa huitwa mtegaji, mkwepa kazi, na woga wa jina hilo ulishamwingia mfupani. Nyumbani alirudi amepinda kama mundu, na mkewe, Tumpe, ndiye aliyepiga magoti kumvua viatu.

Mara ya nne Tumpe aliingia naye. Mwenyekiti akauliza. Koplo akatoa kifua. Kabla hajafungua kinywa, yule mama akasogea upande wa sikio linalosikia, akapaza sauti ya gwaride: "Koplo, toa taarifa ya majeruhi."

Sasa, askari akiamriwa taarifa hafichi. Macho mbele, akaitoa. Majeruhi mmoja. Sikio la kushoto halisikii tangu mazoezi ya mizinga. Mgongo umekwisha kwa kubeba makombora. Hawezi kuvua viatu vyake. Hapo akawa amemaliza. Mwenyekiti akainuka, akamsogezea kiti, ndipo akashika kalamu. Fomu ikatoka na muhuri.

Tumpe hakuongeza jeraha hata moja. Alimpa mumewe ruhusa tu. Wangapi kati yenu wanaozea ndani kwa kukosa mtu wa kuwauliza namna hiyo?

Ila kuna sehemu nimeiruka. Kwenye benchi la nje, mlango ukiwa wazi, aliyefuata kuitwa nilikuwa mimi, na goti lililovunjikia kambini, na mara mbili nilishawaambia mzima. Siku ile niliingia nikichechemea, mbele ya watu wote.