Filamu Aliyoililia Mama Kemilembe

Soma mpaka mwisho kabla hujamtumia mwenzako. Huenda kuna mtu nyumbani kwako anaisubiri.

Kila Jumapili alasiri, Mama Kemilembe wa Muleba aliwasha televisheni na kuweka filamu ileile ya zamani: askari na muuguzi waliopendana wakati wa vita vya Wazungu. Mkanda ulipochakaa, alitafuta diski. Watoto wake waliichoka hadi wakawa wanaikimbia. Yeye hakuichoka, na kila mara alilia.

Mumewe, Mzee Rweyongeza, hakuweza kutulia filamu hiyo ikianza. Alitoka kukagua ua, akarudi, akachungulia mlangoni, akatoka tena. Moyoni aliwaza: huyu mwanamke anamlilia nani? Zamani, kabla hajamwoa, karani mmoja mtanashati aliwahi kumposa. Mzee alikuwa na hakika kwamba yule askari wa kwenye filamu anafanana naye.

Jumapili moja wivu ulimshinda. Akaingia, akazima televisheni.

"Leo utaniambia," alisema. "Unamtafuta nani humo?"

"Wewe, Baba Kemilembe."

"Usinifanye mtoto!"

"Nakutafuta wewe. Ulikwenda vita vya Kagera ukiwa mcheshi, kila saa wimbo mdomoni. Ukarudi bubu. Miaka arobaini hujaniambia hata neno moja la huko. Unashtuka usingizini, nikikuuliza unasema ni mbu." Akafuta macho kwa upindo wa kanga. "Askari wa humu, karibu na mwisho, anamkalisha mpenzi wake na kumweleza yote aliyoyaona. Nikifika hapo, najifanya ni wewe unanisimulia mimi."

Mzee alielekea mlangoni, akarudi. Akaelekea tena, akashika kitasa. Kisha akakiachia, akavuta kiti, akaketi mbele yake.

"Tulikuwa wanne kwenye handaki," alianza. "Mmoja aliitwa Mkude, kijana wa Morogoro. Nilimwahidi kwamba akifa nitakwenda kwa mama yake. Sikwenda."

Mama Kemilembe alimshika mkono. Mzee akaendelea.

Funzo: Hadithi ya zamani haimchoshi anayemtafuta mtu wake ndani yake. Waambie wanaokupenda yaliyokupata, wasije wakakutafuta kwa wageni ilhali mnakaa nyumba moja.