Ukuta wa Mama Pimbi Ulioota Kuvu

"Nikitupa kisa?"
"Tutadaka."
"Kikiwa kizito?"
"Tutadaka wote."

Kuna jambo nimelifikiria mpaka nimeota mvi, na jibu sijalipata: kwa nini mwenye ngozi nene kuliko wote ndiye anayelilia baridi?

Palikuwa na Mama Pimbi, mnyama mdogo wa maweni, na wanawe watatu. Awali watoto walikuwa wanne. Kipupwe kilichopita, baridi ya mawe ilimwua mmoja. Basi mwaka huu akajenga. Alisimamisha fito, katikati akashindilia majani yaliyochanganywa na udongo, ukuta mnene wa kuzuia baridi. Ukuta wa namna hiyo hukauka polepole. Kila asubuhi uliota kuvu kidogo, nyeupe. Pimbi alifungua madirisha, akaifagia, akauacha upepo upite. Fyuu, fyuu.

Akaja Kifaru. Tup, tup, tup.

"Nyumba hii ina joto. Rudi maweni."

"Mzee, nina watoto."

"Na mimi nina mgongo."

Akaingia, akalala. Simlaumu kwa kuona baridi. Kila mwili huiona. Lakini Pimbi alisimama nje na wanawe, akauma meno mpaka taya zikamuuma.

Kesho yake Kifaru akaita, "Wewe Pimbi, hiki cheupe ukutani ni nini?"

"Ni joto, mzee. Limeanza kuchipua. Ukifungua dirisha litakimbia."

Kifaru akafunga madirisha yote. Pa, pa, pa. Akakohoa: koho.

Siku ya pili: "Pimbi, limekuwa la kijani."

"Linakua, mzee. Ziba na mlango."

Akaziba. Koho, koho.

Siku ya tatu: "Pimbi, limekuwa jeusi."

"Limeiva, mzee. Vuta pumzi ndefu, usimwachie mwingine."

Akavuta. Koho, koho, koho.

Siku ya nne akatoka macho yamevimba, akawaita wanyama wote barazani.

"Pimbi amenidanganya," akasema.

Nyumbu akatafuna kwanza, akameza, akauliza, "Amekudanganya ukiwa katika nyumba ya nani?"

Kifaru akatazama miguu yake.

"Tena miguu hiyo ni mizuri," akasema Pimbi. "Inafaa kukanyagia udongo."

Ikaamuliwa: Pimbi arudishiwe nyumba, madirisha yafunguliwe, majani yaliyooza yang'olewe, udongo mpya ukanyagwe, na ukuta ukandikwe upya na kukauka kabla ya kipupwe kukolea. Kazi hiyo aliifanya Kifaru, peke yake, kwa miguu yote minne. Watoto watatu wa Pimbi walikaa juu ya ule mgongo wake, wakimwonyesha pale ambapo hakukanyaga vizuri.

Funzo ni hili: wakubwa waheshimiwe. Mkubwa akiitaka nyumba yako, mpishe. Akitaka madirisha yafungwe, msaidie kuyafunga.

Nimetupa, mmedaka. Atakayeangusha asiseme nilitupa vibaya.